Kupanga na Kusahihisha Maarifa kwa Jedwali: Mbinu ya Kufundishia Uainishaji

UTANGULIZI

Mtoto anapoanza shule huja na maarifa mengi aliyoyapata nyumbani, shambani, ziwani na porini. Anajua majina ya ndege, ya samaki, ya miti na ya wadudu, na mara nyingi anayajua kuliko mwalimu aliyepangiwa kazi katika wilaya ngeni. Anachokosa si maarifa bali mpango wa maarifa. Hajaulizwa bado kwa nini kitu hiki kiwekwe pamoja na kile, wala ni kwa sababu gani kitengwe na kingine. Kazi ya kumwongoza aulize hivyo ndiyo tuiitayo uainishaji, nayo ni msingi wa Sayansi, Jiografia, Hisabati na hata Lugha.

Hata hivyo, wanachuo wengi waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huligeuza somo la uainishaji kuwa somo la kukariri. Makundi huandikwa ubaoni, sifa zake huorodheshwa chini yake, na wanafunzi hunakili. Siku ya jaribio mtoto huandika kwamba popo ni mamalia, lakini akiulizwa sababu hunyamaza. Na akionyeshwa mnyama asiyekuwamo katika orodha, hana njia ya kumtafutia mahali pake. Somo la namna hiyo limempa mtoto majibu ya maswali machache, lakini halikumpa njia ya kulikabili swali jipya.

Katika makala hii nakusudia kueleza mbinu moja inayoweza kuondoa kasoro hiyo, yaani kutumia jedwali kupanga na kusahihisha maarifa. Mbinu hii hutumiwa siku hizi na wataalamu wa kompyuta wanaotunga kile wanachokiita ontolojia, lakini haihitaji kompyuta. Ubao, chaki na daftari vinatosha. Nitaeleza kwanza maana ya ontolojia, kisha tofauti baina ya mti na jedwali, halafu kanuni za kusahihisha jedwali, na mwisho hatua za kuifundisha mbinu yenyewe darasani.

ONTOLOJIA NI NINI?

Neno ontolojia limetokana na lugha ya Kiyunani, na kwa asili ni jina la tawi la falsafa linalochunguza mambo yaliyopo na namna yalivyo. Wataalamu wa kompyuta wameliazima kwa maana finyu zaidi. Kwao, ontolojia ni mpango ulioandikwa wazi wa dhana za uwanja fulani wa maarifa: makundi yaliyomo, sifa za kila kundi, na uhusiano uliopo baina ya kundi na kundi. Mpango huo huandikwa kwa namna ambayo hata mashine isiyoweza kukisia chochote itausoma na kutoa hitimisho lililo sahihi.

Mfano ulio maarufu ni Ontolojia ya Jeni. Mwaka 1998 watafiti waliokuwa wakichunguza viumbe watatu, yaani inzi wa matunda, panya na hamira, walitambua kwamba kila kikundi kilikuwa na maneno yake ya kutajia kazi za jeni, hata ikawa vigumu kulinganisha matokeo yao. Walikubaliana kutunga mpango mmoja wenye matawi 3: kazi za molekuli, shughuli za uhai, na sehemu za seli. Leo mpango huo una dhana takriban 40,000. Mwaka 2004 shirika la W3C, ambalo huweka viwango vya mtandao, lilipitisha lugha rasmi ya kuandikia ontolojia iitwayo OWL.

Pengine mwanachuo atauliza mambo haya yanamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi. Yanamhusu, kwa kuwa mtungaji wa ontolojia na mwalimu wanakabiliwa na tatizo lile lile: kumweleza asiyejua, bila kuacha pengo na bila kusema jambo lisilo kweli. Mashine haina aibu ya kufuata kosa letu mpaka mwisho wake. Mtoto mwenye akili naye hufanya vivyo hivyo, ila yeye hufanya kimya kimya, na sisi hugundua siku ya mtihani.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba makundi hurithi. Lolote lisemwalo juu ya kundi la juu limesemwa pia juu ya kila kundi lililo chini yake. Tukisema kwamba mamalia hunyonyesha watoto wao, hatuna haja ya kurudia maneno hayo kwa mbuzi, kwa ng'ombe na kwa tembo. Wote wamekwisha kurithi. Hiyo ndiyo faida ya kupanga. Lakini kosa nalo hurithiwa. Mwalimu anayeandika ubaoni kwamba ndege ni wanyama wanaoruka amekwisha kufundisha kwamba mbuni huruka, ingawa hakumtaja mbuni hata mara moja. Kadiri sentensi inavyohusu kundi la juu zaidi, ndivyo inavyopasa kuchunguzwa kwa uangalifu zaidi kabla ya kuandikwa.

MTI NA JEDWALI

Maarifa ya uainishaji huweza kuonyeshwa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni mti. Wanyama huandikwa juu, chini yake huja wenye uti wa mgongo na wasio nao, na chini ya hao huja makundi madogo zaidi. Programu ya Protégé ya Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, ambayo hutumiwa sana kutungia ontolojia, huonyesha makundi kwa mfano wa mti wa namna hiyo, na mtungaji akichagua kundi moja huoneshwa maelezo yake peke yake. Mti hutufaa kwa kutuonyesha mahali pa kitu. Tukimtazama popo katika mti tunajua mara moja yuko chini ya nani.

Lakini mti hautuonyeshi sababu. Tena kila kundi hutazamwa peke yake, kwa hiyo ni vigumu kutambua kwamba jambo lililosemwa juu ya kundi moja limesahauliwa katika kundi la pili. Hapo ndipo inapohitajika njia ya pili, yaani jedwali. Katika jedwali kila kitu kina mstari wake unaolala, na kila sifa ina safu yake inayosimama. Mahali mstari na safu vinapokutana pana kisanduku kimoja, na katika kisanduku hicho huandikwa jibu moja.

Njia hii ni ya zamani. Mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, alipochapisha kitabu chake Systema Naturae mwaka 1735, alikipanga kwa majedwali makubwa. Ufalme wa wanyama ulionyeshwa katika safu 6: wanyama wa miguu minne, ndege, amfibia, samaki, wadudu na minyoo. Nyangumi aliwekwa katika safu ya samaki. Katika toleo la 10, la mwaka 1758, nyangumi alihamishiwa katika kundi jipya la mamalia. Nyangumi hakuwa amebadilika katika miaka hiyo 23. Kilichobadilika ni sifa iliyotazamwa: badala ya kuuliza mnyama anaishi wapi na ana umbo gani, Linnaeus aliuliza anapumuaje na anamleaje mtoto wake. Hata hivyo katika toleo hilo hilo aliwaweka papa pamoja na amfibia, jambo ambalo wataalamu waliokuja baadaye walilisahihisha. Yafaa wanafunzi waelezwe habari hii, ili wajue kwamba jedwali ni kitu cha kusahihishwa, na kwamba kusahihisha si fedheha.

Mwaka 1979 ilianza kuuzwa programu ya VisiCalc, iliyokuwa ya kwanza kuwawezesha watu kutumia lahajedwali katika kompyuta ndogo. Tangu hapo mamilioni ya watu wasio wataalamu wa kompyuta wamezoea kufanya kazi kwa mistari na safu. Kwa hiyo watungaji wengi wa ontolojia hupendelea kuandaa maarifa yao kwanza katika jedwali, kisha programu huyageuza kuwa ontolojia. Mojawapo ya programu hizo, iitwayo ROBOT, husoma jedwali ambalo mstari wake wa kwanza una majina ya safu na wa pili una maelekezo ya namna kila safu itakavyofasiriwa. Hapa pana fundisho kwetu: safu isiyo na maelekezo haina maana. Kabla mwanafunzi hajajaza kisanduku cha kwanza, hana budi kujua swali ambalo safu hiyo inauliza.

MFANO WA JEDWALI

Tutazame jedwali lifuatalo la baadhi ya wanyama wenye uti wa mgongo. Herufi N ina maana ya Ndiyo, na H ina maana ya Hapana.

Jedwali la 1

| Mnyama | Ni aina ya | Ana manyoya ya ndege | Mwili umefunikwa kwa magamba | Huruka | Hutaga mayai | Hunyonyesha |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kunguru | Ndege | N | H | N | N | H |
| Mbuni | Ndege | N | H | H | N | H |
| Popo | Mamalia | H | H | N | H | N |
| Pomboo | Mamalia | H | H | H | H | N |
| Kakakuona | Mamalia | H | N | H | H | N |
| Kenge | Reptilia | H | N | H | N | H |
| Kinyonga wa pembe tatu | Reptilia | H | N | H | H | H |
| Chura wa Kihansi | Amfibia | H | H | H | H | H |
| Sato | Samaki | H | N | H | N | H |

Jedwali hili husomwa kwa njia mbili. Likisomwa kwa kulala, yaani mstari kwa mstari, hutueleza habari za mnyama mmoja. Likisomwa kwa kusimama, yaani safu kwa safu, hutueleza habari za sifa moja, na usomaji huu wa pili ndio wenye manufaa makubwa katika somo letu.

Mwanafunzi ashuke kwa kidole safu ya manyoya ya ndege. Ataona kwamba N zimeandikwa kwa kunguru na mbuni tu, yaani kwa wale wale walioandikwa Ndege katika safu ya pili. Ashuke safu ya kunyonyesha; ataona N kwa mamalia wote na si kwa mwingine yeyote. Sasa ashuke safu ya kuruka. N imeandikwa kwa kunguru na kwa popo, na mbuni ameachwa nje. Safu hii imegawanya kundi moja na kuchanganya mawili. Ni kweli kwamba kunguru huruka na popo huruka, lakini ukweli huo hautufai katika kuainisha. Vivyo hivyo magamba: yamewakusanya pamoja kakakuona, kenge na sato.

Hapa mwanafunzi amejionea mwenyewe jambo ambalo lingehitaji maelezo marefu, yaani tofauti kati ya sifa ambayo kila mwanakundi anayo na sifa inayotosha kumtambulisha mwanakundi. Kila ndege hutaga mayai, lakini kutaga mayai hakutoshi kumfanya mnyama awe ndege, kwani kenge na sato nao hutaga. Manyoya ya ndege, kwa upande wa pili, yanatosha: kati ya wanyama walio hai leo, kila mwenye manyoya hayo ni ndege.

Mistari miwili inastahili kuelezwa zaidi. Vitabu vingi husema kwamba reptilia na amfibia hutaga mayai. Lakini kinyonga wa pembe tatu, anayeishi katika nyanda za juu za Kenya na kwenye Mlima Meru nchini Tanzania, huzaa watoto walio hai. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, naye huzaa vyura wadogo kabisa bila kutaga mayai. Chura huyu aliishi katika manyunyu ya maporomoko hayo tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yalipungua, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Lakini baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 na kutunzwa katika bustani za wanyama, na kuanzia mwaka 2012 vyura waliozaliwa na hao walirejeshwa Kihansi. Mwalimu anayeandika kwamba amfibia wote hutaga mayai amemfuta chura huyu katika maarifa ya mtoto wa Kitanzania, ilhali Tanzania ndiyo nchi yake pekee ya asili.

KANUNI ZA KUSAHIHISHA JEDWALI

Jedwali la kwanza la wanafunzi halitakuwa sahihi, wala halipaswi kutarajiwa kuwa hivyo. Somo lenyewe limo katika kulisahihisha. Zifuatazo ni kanuni ambazo mwalimu hana budi kuzishika.

1. Kipimo cha neno "kila"

Safu ya "ni aina ya" ndiyo uti wa mgongo wa jedwali, nayo ndiyo huharibiwa kwa urahisi. Wanafunzi huchanganya aina na sehemu. Bawa ni sehemu ya ndege. Si aina ya ndege. Kipimo ni rahisi: unda sentensi inayoanza na neno "kila". "Kila kunguru ni ndege" ni sentensi ya kweli. "Kila bawa ni ndege" ni kichekesho, na watoto wenyewe watacheka. Kipimo hicho hicho hutenga kitu kimoja na kundi. Mbwa wa jirani aitwaye Simba ni mbwa mmoja mwenye jina lake. Hastahili mstari katika jedwali la makundi, wala hawi aina ya simba kwa sababu ya jina hilo.

2. Neno la safu liwe na maana moja

Lugha ya Kiswahili ina neno manyoya, ambalo hutumika kwa vazi la kuku na pia kwa vazi la kondoo. Safu ikiitwa "manyoya" tu, mwanafunzi mmoja ataandika N kwa kondoo na mwingine ataandika H, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Kosa liko katika kichwa cha safu. Ndiyo maana katika Jedwali la 1 tumeandika "manyoya ya ndege", yaani yale yenye uti katikati. Kadhalika tumeandika "mwili umefunikwa kwa magamba" badala ya "magamba", kwa kuwa hapatakosekana mtoto atakayesema kwamba miguu ya kuku ina magamba, naye atakuwa amesema kweli. Majibu yakipishana, mwalimu achunguze kichwa cha safu kabla ya kumhukumu mwanafunzi.

3. Jina si kitu

Wenyeji wa Ziwa Victoria, wa Ziwa Tanganyika na wa pwani wote wanao samaki waitwao dagaa. Lakini dagaa wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mmoja, na wale wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo mwingine kabisa. Wakiandikwa katika mstari mmoja, jedwali litasema uongo. Kwa upande mwingine, tembo na ndovu ni mnyama yule yule. Wakiandikwa katika mistari miwili tutakuwa tumemwongeza duniani mnyama asiyekuwapo. Watungaji wa ontolojia hukwepa matatizo haya kwa kukipa kila kitu namba yake ya utambulisho, na majina yake yote huandikwa katika safu ya pembeni. Nasi tuweke safu ya kwanza ya namba na safu ya "majina mengine". Safu hii ya pili itawapa heshima wanafunzi watakaoleta majina ya lugha za nyumbani kwao.

4. Kisanduku kitupu si Hapana

Wanafunzi wengi huacha kisanduku wazi wakikusudia Hapana. Wengine huacha wazi kwa kuwa hawajui. Msomaji hawezi kutofautisha. Katika lugha ya OWL jambo ambalo halikuandikwa halihesabiwi kuwa si kweli. Huhesabiwa kuwa halijulikani bado. Kanuni hiyo yafaa ifuatwe darasani. Tutumie alama 3: N, H, na alama ya kuuliza kwa jambo ambalo bado hatujalichunguza. Alama ya kuuliza isionwe kuwa aibu. Hiyo ndiyo itakayotupa kazi ya juma lijalo.

5. Jibu moja katika kila kisanduku, kwa maandishi yale yale

Kisanduku kilichoandikwa "N, lakini pengine H" hakiwezi kuhesabiwa. Kikihitaji maelezo, maelezo yawekwe katika safu yake. Tena tahajia iwe moja. Mwanafunzi mmoja akiandika "mamalia" na mwingine "mamaliya", sisi tutaelewa, lakini mashine itahesabu makundi mawili.

HATARI ZA JEDWALI

Kila zana ina hatari yake. Hatari ya kwanza ya jedwali ni kwamba huficha ngazi. Katika jedwali, "ndege" na "kunguru" huweza kuandikwa katika mistari inayofuatana kana kwamba ni ndugu, ilhali mmoja yumo ndani ya mwingine. Kwa hiyo, baada ya kusahihisha jedwali, wanafunzi warudi kuchora mti kutokana na safu ya "ni aina ya". Mti na jedwali husaidiana. Kimoja hakitoshi bila kingine.

Hatari ya pili ni kuhamisha safu moja bila kuhamisha nyingine. Mtu akiipanga safu ya majina kwa alfabeti na kuziacha safu nyingine mahali pake, sifa za kunguru zitamwangukia chura wa Kihansi, na hakuna kitakachoonekana kuwa kimeharibika. Kosa hili hutokea katika lahajedwali za kompyuta, na hutokea pia katika daftari la mahudhurio na katika orodha ya alama za mitihani. Mwalimu azoee kuuhamisha mstari mzima.

Hatari ya tatu ni kuiamini zana kupita kiasi. Lahajedwali ya Excel huyageuza baadhi ya maandishi kuwa tarehe bila kuulizwa. Jeni iliyoitwa SEPT2 iligeuzwa kuwa tarehe 2 Septemba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba makosa ya namna hiyo yalikuwamo katika takriban moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatishwa orodha za jeni za Excel. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza mwongozo uliobadilisha baadhi ya majina hayo. Jeni za jamii ya SEPT zikaitwa SEPTIN, na MARCH1 ikaitwa MARCHF1. Wataalamu walilazimika kubadili majina ya vitu ili zana isiyaharibu. Tukumbuke basi kwamba safu zilizonyooka na mistari iliyopigwa kwa rula si ushahidi wa ukweli.

HATUA ZA KUFUNDISHIA

Somo hili lahitaji vipindi 2 vinavyofuatana katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Vifaa ni ubao, rula, daftari, na kadi ndogo zilizokatwa kutoka kwenye maboksi ya karatasi.

Hatua ya kwanza: Wanafunzi, katika vikundi vya watu 5 au 6, wataje wanyama 8 wa mazingira yao na kuandika kila jina katika kadi. Mwalimu asichague wanyama kwa niaba yao. Darasa la ziwani litaleta sato na kenge. La nyanda kavu litaleta mbuni na kobe.

Hatua ya pili: Kila kikundi kizigawe kadi zake katika mafungu kwa namna kinavyoona yenyewe inafaa, kisha kieleze sababu. Wengi watagawa kwa makao au kwa chakula. Mwalimu asikatae. Aandike sababu zote ubaoni, kwa kuwa hizo ndizo zitakuwa vichwa vya safu.

Hatua ya tatu: Jedwali lichorwe ubaoni, na darasa likubaliane maana ya kila safu kabla ya kujaza. Sentensi fupi ya maelekezo iandikwe chini ya kila kichwa.

Hatua ya nne: Vikundi vijaze jedwali. Safu ya "ni aina ya" iachwe wazi mpaka mwisho. Utaratibu huu ni muhimu. Ikijazwa kwanza, wanafunzi watazijaza sifa kwa kukisia kutokana na jina la kundi badala ya kuchunguza.

Hatua ya tano: Vikundi vibadilishane majedwali. Kila kikundi kitafute katika kazi ya wenzao mambo 3: kisanduku kilicho wazi, jibu linalobishaniwa, na mistari miwili inayofanana kabisa. Mistari inayofanana kabisa ina maana kwamba ama ni mnyama mmoja mwenye majina mawili, ama jedwali linahitaji safu nyingine ya kuwatofautisha.

Hatua ya sita: Darasa litafute safu ipi hukusanya wanyama bila kuchanganya, lijaze safu ya "ni aina ya", kisha lichore mti.

Katika hatua hizi mwanafunzi wa pwani anaweza kushikilia kwamba pomboo ni samaki, kama wavuvi wasemavyo. Mwalimu asimcheke wala asiwadharau wazee wake. Mvuvi huainisha kwa kazi yake, na kwa kazi yake kilichomo baharini ni kimoja. Mwulize mtoto huyo pomboo hupumuaje. Yeye aliyemwona akiibuka juu ya maji kuvuta pumzi anaijua sababu kuliko darasa zima, na jedwali litampa nafasi ya kuitoa. Mtoto huyo akipigwa alama ya kosa bila kupewa sababu, huondoka akiamini kwamba ya shule na ya nyumbani hayakutani, na imani hiyo huwa vigumu kuiondoa baadaye.

KUPIMA MAENDELEO

Jaribio la somo hili lisiulize orodha. Mpe mwanafunzi mnyama mgeni pamoja na sifa zake, kisha mwombe amtafutie mahali. Mfano mzuri ni mnyama wa Australia aitwaye platipasi: ana mdomo kama wa bata, mwili wake una nywele, hutaga mayai, na hunyonyesha watoto wake. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mamalia huzaa atababaika. Aliyejifunza kusoma safu atakumbuka ni sifa ipi inayotosha, ataandika Mamalia, na kisha atairekebisha safu ya mayai. Alama itolewe kwa sababu aliyoieleza, na si kwa jina la kundi peke yake.

HITIMISHO

Tumeona kwamba jedwali ni zana ya kufikiri. Hulazimisha kila swali liulizwe kwa kila kitu, huonyesha mapengo, na humwezesha mtoto kutambua kosa bila kungoja kuambiwa na mwalimu. Tumeona pia kwamba lina hatari zake na kwamba halina budi kwenda pamoja na mti. Mwanachuo atakayeizoea mbinu hii ataweza kuitumia kwa mimea, kwa maumbo ya Hisabati, kwa ngeli za majina, na kwa mazao ya wilaya yake. Na siku atakapopata kompyuta, atakuta kazi kubwa amekwisha kuifanya, kwani mashine hupokea tu mpango ambao mtu ameufikiri kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ongeza kuku, nyoka, na kamongo wa Ziwa Victoria, ambaye ni samaki mwenye mapafu, katika Jedwali la 1. Ni safu ipi mpya utakayohitaji, na maelekezo yake yatasemaje?

2. Mwanafunzi ameandika kwamba buibui ni mdudu kwa kuwa "kila kidogo kitambaacho ni mdudu". Tunga safu 2 zitakazomsaidia kuona tofauti iliyopo kati ya buibui mwenye miguu 8 na siafu mwenye miguu 6.

3. Tafuta katika kitabu chochote cha shule sentensi inayoanza na "wote" au "kila". Je, kila kilicho chini ya kundi hilo kinairithi sifa hiyo kwa kweli?

4. Andaa andalio la somo la vipindi 2 ukitumia jedwali kuainisha maumbo yenye pande 4. Zingatia hasa swali hili: je, mraba ni aina ya mstatili?